Aseme Kwanza, Ndipo Aandike

Fungua daftari la utungaji la mtoto wa darasa la tatu. Mara nyingi utakuta kitu kama hiki: "Mimi nina rafiki yangu. Rafiki yangu anaitwa Asha. Mimi nampenda rafiki yangu. Rafiki yangu ni mzuri." Sasa msikilize mtoto huyohuyo wakati wa mapumziko, anapomsimulia mwenzake jinsi mbuzi alivyoingia ofisini kwa walimu. Utasikia "nilivyomwona tu", "alipotaka kutoka", "kumbe mlango umeshafungwa", "ikabidi aruke dirishani". Ana -po-, ana -vyo-, ana -ka-, ana "kumbe". Sarufi ambayo mwalimu angehangaika nayo ubaoni wiki nzima anaitumia bila kutoa jasho. Kwenye daftari haionekani hata chembe.

Kinachotajwa haraka ni kwamba mtoto hasomi vitabu au hana msamiati. Ni kweli kwa sehemu, lakini mfano wa mbuzi unaonyesha kuwa lugha anayo. Inapotelea njiani, kati ya mdomo na karatasi, na inapotea kwa sababu tatu zinazotibika tofauti. Darasani haombwi kusema sentensi nzima. Mkono wake unaandika polepole kuliko anavyofikiri. Na mazungumzo aliyoyazoea ni ya kumwambia mtu anayemwona, ilhali msomaji hamwoni.

Kiitikio si mazungumzo

"Mji mkuu wa Tanzania ni Dodo…?" "Maaa!" "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Darasa lina uhai na linasikika hadi barabarani. Ukihesabu kilichotoka mdomoni mwa mtoto mmoja, ni silabi moja na neno moja. Sentensi yote ilitungwa na mwalimu.

Kiitikio kina kazi yake. Kinafaa kwa silabi, nyimbo, mashairi na majedwali ya kuzidisha. Kwa kujenga sentensi hakifai, kwa sababu kumalizia neno la mwenzako ni kazi tofauti kabisa na kuanza la kwako. Kumsimamisha mtoto mmoja mmoja nako hakutoshi. Kipindi kina dakika 40 na darasa lina watoto 80: hata mwalimu akinyamaza kipindi kizima, kila mtoto atapata nusu dakika. Waweke wawiliwawili kwa dakika sita tu, na kila mmoja atakuwa amezungumza dakika tatu. Hakuna njia nyingine ya kuipata hesabu hiyo katika darasa kubwa. Anayesema wawiliwawili ni kupoteza muda aanze kwa kupiga hesabu hii.

Lipo pia suala la ukimya. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima, miaka ya 1970, muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Wengi walisubiri kama sekunde moja, kisha wakamtaja mtoto mwingine au wakajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitokeza kujibu. Kwa mtoto anayetafuta neno la Kiswahili huku wazo limemjia kwa lugha ya nyumbani, sekunde hizo ni za lazima. Hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Utaona ni ndefu kuliko ulivyodhani.

Mitihani nayo imechangia. Kwa miaka mingi sehemu ya utungaji katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza elimu ya msingi Tanzania iliwataka watoto wazipange sentensi zilizochanganywa kwa kuzipa herufi A, B, C, D. Hilo hupima kama mtoto anatambua mtiririko wa mawazo. Kutunga sentensi hakupimwi kabisa, na kisichopimwa huachwa. Nchini Kenya mtaala wa umilisi umeweka "Kusikiliza na Kuzungumza" kuwa mada kamili ya Kiswahili, sambamba na kusoma na kuandika, na hilo ni jema. Ila mada isiyoacha maandishi ya kusahihisha ni rahisi kurukwa mwalimu akibanwa na muda. Ndiyo maana ni bora mazungumzo yaingie ndani ya kipindi cha kuandika, yasitengwe peke yake.

Mkono mzito

Mtoto wa darasa la pili au la tatu akitaka kuandika "Jana mama alinituma dukani kununua chumvi", lazima akumbuke herufi, azichore, aache nafasi, abaki juu ya mstari, tena aishike sentensi yote kichwani. Akifika "alinituma" ameshasahau alikokuwa anakwenda. Hapo huchagua njia ya usalama, yaani sentensi fupi anayoijua kwa moyo, "Mimi nampenda mama." Ubutu wa daftari lake mara nyingi unatokana na mzigo huo.

Tiba yake ni kuishika sentensi mdomoni mpaka ikae. Mtoto aiseme yote kwa sauti kwa mwenzake, kisha airudie vilevile bila kubadili. Akiirudia kwa maneno tofauti, bado haijakaa, aijaribu tena. Akishaishika, aihesabu kwa vidole, neno moja kidole kimoja: jana, mama, alinituma, dukani, kununua, chumvi. Vidole sita. Ndipo aandike, na kila anapokwama arudi kwenye vidole kuangalia amefika cha ngapi. Akimaliza aisome kwa sauti huku anafuata kwa kidole. Aliyesema maneno sita akaandika matano ataligundua mwenyewe, kabla kalamu nyekundu haijafika.

Mwanzoni zoezi hili huchukua dakika tatu au nne kwa sentensi moja, na mwalimu huona anachelewa. Usiogope. Sentensi tatu zilizopita mdomoni kwa njia hii zina thamani kuliko ukurasa mzima wa "Mimi nampenda". Baada ya wiki kadhaa watoto wengi huanza kunong'ona wenyewe wanapoandika. Usiwakataze kunong'ona. Darasa la kuandika lenye ukimya wa msikitini ni zuri kwa mgeni anayepita dirishani, lakini linawanyima watoto chombo chao cha kazi.

Vidole vinatibu na ugonjwa mwingine, ule wa kukata na kuunganisha maneno ovyo: "ana kula", "nime lala", "yamama", "kwasababu". Kiswahili kina msaada wake hapa. Mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "anakula" lina mkazo mmoja tu, kwenye "ku". Ukiandika "ana kula" umeleta mikazo miwili, "Á-na KÚ-la", na hakuna anayesema hivyo. Waambie watoto wapige kofi moja zito pale penye mkazo. Kofi moja ni neno moja.

Mtihani huo hauwezi "na", "ya", "wa", "cha", "kwa", "ni". Vineno hivi vya silabi moja huegemea neno linalofuata, na ndiyo maana mtoto husikia "yamama" na kuandika alivyosikia. Sikio lake halina kosa. Kwa vineno hivyo tumia jaribio la kupenyeza: je, neno lingine linaweza kuingia katikati? "Ya mama" inakubali "ya yule mama". "Kwa sababu" inakubali "kwa hiyo sababu". Jaribu kupenyeza neno kati ya "ana" na "kula" katika "anakula", litagoma. Vineno vyenyewe ni vichache, viandike kwenye kipande cha boksi na kukibandika ukutani.

Msikilizaji asiyeona

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi hukosea wanapodhani kwamba mazungumzo yoyote yatasaidia kuandika. Mtoto anaweza kuongea mchana kutwa na uandishi wake usisogee, kwa sababu mazungumzo ya kawaida yanabebwa na mikono, macho na mahali. Mwombe akueleze jinsi ya kusonga ugali:

"Unachukua ile, unaweka maji, afu yakichemka unaweka ule unga, afu unafanya hivi, afu unaweka tena mpaka inakuwa hivi."

Amekueleza vizuri kabisa, ukiwa unamtazama. Ile ni ipi? Hivi vipi? Kila mahali ambapo mkono ulisema badala ya mdomo, kwenye daftari patakuwa shimo. Mkalishe mgongo kwa mgongo na mwenzake, na mwenzake awe na ruhusa ya kuuliza maswali manne tu: nini? kiasi gani? vipi? mpaka lini? Maelezo yataanza kubadilika mbele ya masikio yako:

"Unabandika sufuria yenye maji jikoni. Yakipata moto, unakoroga unga kidogo kwenye maji ya baridi, unaumimina, unakuwa uji. Uji ukichemka, unaongeza unga kidogokidogo huku unasonga kwa mwiko mpaka ugali ushikane."

Tazama vitenzi. "Kuweka" ilikuwa inafanya kazi ya kubandika, kumimina na kuongeza. "Kufanya hivi" ilikuwa kukoroga na kusonga. Mtoto wa Kitanzania anavijua vitenzi hivi vyote, amevisikia jikoni tangu akiwa mgongoni. Alikosa tu sababu ya kuvitoa. Maswali ya mwenzake yamempa sababu. Mwalimu aandike ubaoni vitenzi vinavyojitokeza, na asianze na orodha ya kwake. Msamiati uliotafutwa na mtoto mwenyewe hukaa. Uliogawiwa kama chaki husahaulika Ijumaa.

Mchezo wa kuchora hutumia kanuni hiyohiyo. Mtoto mmoja anachora kitu chenye sehemu nne au tano bila mwenzake kuona: nyumba, mti upande wa kulia, kuku chini ya mti, jua juu ya paa. Kisha anaelezea na mwenzake anachora kwa kusikia. Michoro ikilinganishwa, tofauti inaonyesha neno lililokosekana. Kuku akitokea juu ya paa, hakuna haja ya mwalimu kusema maelezo hayakutosha. Anza na vitu vitatu, vikizidi sita watoto huchoka na kuanza kuchungulia.

Vitendawili navyo, ambavyo shule nyingi huvitumia kwa burudani tu, ni zoezi kamili la kueleza kitu kwa asiyekiona. Usiishie kwenye "Nyumba yangu haina mlango". Mpe mtoto kitu mfukoni, ufutio au hindi au kifuniko cha soda, atege cha kwake: sentensi tatu, bila kutaja jina, moja kuhusu umbo, moja kuhusu kazi, moja kuhusu kilipotoka. Wenzake wakishindwa wanampa mji kama kawaida. Kisha sentensi hizo tatu ziingie daftarini. Tayari ni aya ya maelezo.

Sauti zinazogeuza maana

"Baba ana pesa." "Baba hana pesa." Tofauti ni pumzi moja, na kwa watoto wengi wa bara pumzi hiyo haipo. Anayesema "ana" kwa maana zote mbili ataandika "ana" kwa zote mbili, na msomaji ataelewa kinyume. Ni hivyohivyo kwa "aina" na "haina", "ajali" na "hajali". Wengine wakishaonywa huitia h hata pasipo mahali pake. Dawa ni kiganja mbele ya mdomo: kwenye "hana" pumzi inagonga kiganja, kwenye "ana" haigongi. Mmoja anasema, mwingine anaonyesha dole juu kwa "ana" na dole chini kwa "hana". Dakika tano, mara tatu kwa wiki.

Kwa "th" na "dh", ulimi hutokeza katikati ya meno na mwenzake anaweza kuuona, kwa hiyo wakae wakitazamana: thamani, dhahabu, dhambi. Kwa "r" na "l" tumia jozi zenye maana: kula na kura, mahali na mahari. Ila tusimfanye mtoto kichekesho kwa lafudhi ya kwao. Lafudhi si kosa la uandishi. Kinachotuhusu ni pale sauti inapoharibu tahajia au maana, na hapo panatosha.

Vifupisho vya mazungumzo vinataka mkono mwepesi zaidi: "mi ntaenda", "afu", "ndo", "saivi". Usimwambie mtoto kwamba hicho si Kiswahili, maana baba yake, mama yake na mwalimu mwenyewe huzungumza hivyo. Mwambie kuna Kiswahili cha uwanjani na kuna Kiswahili cha redio. Kisha kila asubuhi watoto wawili wasome taarifa ya habari ya darasa, sentensi tatu kila mmoja: nini kimetokea, lini, na nani amehusika. Wakishajiona watangazaji, "ntaenda" inanyooka yenyewe kuwa "nitaenda", na hilo ndilo umbo watakaloliandika.

Hadithi na -ka-

Masimulizi ya Kiswahili hufunguliwa kwa -li- na kusukumwa kwa -ka-: "Jana nilienda sokoni, nikanunua nyanya, nikarudi nyumbani." Mtoto anapoandika hujikwaa mara mbili. Ama anaanza na -ka- hewani, msomaji asijue ni lini, ama katikati anarukia -na-: "nilifika nyumbani, namkuta mama analia". Kwa mdomo hilo la pili lina utamu, linamweka msikilizaji palepale. Kwenye karatasi ya mtoto huonekana kama amepotea.

Wakae watoto sita duara. Wa kwanza afungue kwa -li- na ataje siku na mahali. Wanne wanaofuata kila mmoja aongeze tukio moja kwa -ka-. Wa sita afunge. Wakiweza hivyo, mzunguko wa pili uwe na sharti: wa tatu aseme jambo lililokuwa likiendelea, "mama alikuwa anapika", na wa nne alivunje kwa "ghafla" au "mara". Katika zoezi hili ndimo "afu" hupungua, kwa sababu -ka- yenyewe tayari inabeba maana ya "halafu". Watoto wengi huandika "halafu nikaenda, halafu nikakaa" wakitumia viunganishi viwili kwa kazi moja. Waambie wafute "halafu" zote, wasome tena kwa sauti, wasikilize kama kuna kilichopungua.

Ninachokipinga waziwazi ni mianzo ya kukariri, miale ya jua kuchomoza na ndege kuimba katika kila insha, hata insha ya mtu kuibiwa usiku. Huongeza alama kwa muda na huficha kwamba mtoto hajui kuanza sentensi yake mwenyewe.

Yanayoharibika

Kelele. Watoto 80 wakizungumza pamoja, darasa la jirani litalalamika. Wafundishe "sauti ya dawati", inayofika kwa jirani tu, na ishara moja ya kunyamaza, mkono juu. Lipangie wiki ya kwanza jambo hilo peke yake.

Mmoja kumeza muda wote. Mpe msemaji kijiti au kizibo cha chupa. Asiyekishika husikiliza, na kazi ya msikilizaji ni kurudia alichosikia kabla ya kupokea kijiti. Bila kazi hiyo msikilizaji hasikilizi.

Swali pana mno. "Nieleze kuhusu likizo" humfunga mdomo hata mtu mzima. "Nieleze chakula kimoja ulichokula likizo na nani alikipika" humfungua.

Kusahihisha katikati ya sentensi. Mtoto akisema "mbuzi imekimbia", ukimkata atanyamaza na kesho hatanyoosha mkono. Mjibu kwa umbo sahihi na umwachie nafasi ya kuendelea: "Ehee, mbuzi amekimbia! Amekimbilia wapi?" Mara nyingi atajibu kwa a- bila kuambiwa kanuni.

Na lugha ya nyumbani. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na mtoto anayefika darasa la kwanza akiwa na Kisukuma au Kimaasai ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kupanga wazo na kutafuta maneno ya Kiswahili. Zitenganishe. Dakika mbili apange na mwenzake kwa lugha yao, kisha waseme kwa Kiswahili, kisha waandike. Watakaopata shida baada ya hapo wana shida ya maneno, na hiyo unaweza kuiona na kuitibu. Kabla ya hapo ulikuwa unaona ukimya tu.

Kuyasikia maendeleo

Mazungumzo hayaachi alama karatasini, kwa hiyo mwalimu ajitengenezee alama zake. Chagua watoto watano kwa siku. Wakati wa wawiliwawili simama karibu nao dakika moja moja, na uandike mambo matatu kwenye daftari lako: amesema sentensi kamili ngapi mfululizo, ni mara ngapi ametumia "hivi" au "ile" badala ya jina la kitu, na ameunganisha mawazo kwa neno gani zaidi ya "afu". Kwa watoto 80 utawamaliza katika siku 16 za masomo, kisha unaanza mzunguko mpya. Weka ukurasa huo kando ya daftari la utungaji la mtoto. Aliyesema sentensi nne mfululizo na kuandika moja anahitaji vidole na muda zaidi wa mkono. Aliyesema moja na kuandika moja mrudishe mgongo kwa mgongo na mwenzake, na kalamu isubiri kwanza.